Aliyeuliza Makala Yametoka Wapi

Sitataja jina lake. Kwanza mwenyewe hapendi kutajwa, na pili hapa mtaani Saio hakuna anayelitumia. Kila mtu humwita Direktrisi. Hata wale ambao hawakusoma siku moja katika shule ya msingi aliyoiongoza humwita hivyo, tena kwa sauti ya mtu anayejua kwamba amechelewa darasani. Alistaafu zamani, lakini ni mshahara tu uliostaafu. Ukali ulibaki kazini.

Mimi ni mwuza makala. Wengine huyaita makaa. Ni miti iliyochomwa ikawa nyeusi, ambayo Bunia nzima huipikia sombe ya majani ya mihogo na maharagwe. Familia yetu ilitoka Butembo, na kama watu wengi wa kwetu tulifika hapa na nguo chache na tamaa kubwa ya biashara. Banda langu liko kando ya njia, karibu na lango lake. Kwa hiyo nilimjua kwanza kama mteja, na niseme ukweli, alikuwa mteja wa kuchosha.

Wateja wengine huuliza bei. Yeye aliuliza ukoo. Siku ya kwanza aliweka ndoo yake chini, akaokota kipande kimoja, akakitazama kama mtu anayesahihisha daftari.

"Hii iko ya muti gani? Ilitoka wapi? Ni nani alipanda?"

Nilicheka. "Mama, makala ni makala. Iko inawaka tu."

"Na batoto ni batoto," akanijibu. "Lakini kila moja iko na mama yake. Mi nauliza mama ya hii."

Sikujua. Nilikuwa nimeuza makala miaka sita na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Aliondoka na ndoo tupu. Wiki iliyofuata akarudi na maswali yaleyale, na ile iliyofuata pia, mpaka nikampigia simu mchomaji wangu wa kijiji cha Marabo ili tu nipate la kumjibu. Kumbe huyo mzee alikuwa amepanda mikaratusi pembezoni mwa shamba lake la mihogo; akiikata, visiki vinachipua tena, na baada ya miaka michache anakata upya. Nilipomweleza Direktrisi, alinunua gunia zima, akasimama hapohapo mbele ya wateja watatu waliokuwa wakingoja, akaanza kunifundisha.

"Sikia, Papa Neema," akasema. Neema ni binti yangu wa kwanza. "Muti ikikuwa kubwa, inakunywa gazi karboniki, ile hewa ya moshi. Ukiichoma, ile gazi inatoka, inarudia kule juu. Ukipanda ingine, inakunywa tena ile yake. Lakini ile ya pori ukiikata ukaiacha vile, ni nani atakunywa moshi yake? Ni weye?"

Wateja walicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu mtu akikufundisha mbele ya wateja wako amekuvua shati. Lakini tangu siku hiyo nikawa natenga magunia ya Marabo upande wake. Haikuwa kwa imani, ilikuwa biashara. Direktrisi alikuwa na mama wenzake wa kanisani, na wao walimfuata kama vifaranga. Yeye akinunua kwangu, nusu ya jikoni za mtaa hununua kwangu.

Jikoni kwake kulikuwa na babula moja tu, jiko dogo la bati lililokandikwa udongo kwa ndani. Maharagwe aliyaloweka tangu jana yake, akayachemsha mpaka yatokote vizuri, kisha akaipua sufuria na kuiweka ndani ya kikapu kikubwa kilichojaa matambara na blanketi kuukuu. Akafunika, akaenda zake kusoma au kulima. Mara ya kwanza kukiona kile kikapu nilidhani amelaza mtoto mgonjwa. Mchana alifunua, na maharagwe yalikuwa yameiva kwa joto lao wenyewe, bila hata kaa moja kuwaka. Yale makala yaliyobaki kwenye babula alikuwa ameyafunika kwa kifuniko cha chungu yazimike, ili ayawashe tena kesho.

"Maharagi haina haraka," alipenda kusema. "Ni weye njo uko na haraka."

Ila siku mchungaji alipokuja kula, nami nikiwa nimealikwa, kikapu kilimwangusha mwenye nyumba. Labda blanketi lilikuwa na unyevu, sijui. Maharagwe yalitoka magumu kama kokoto. Direktrisi alichota kijiko cha kwanza, akatafuna, akameza, akachota cha pili bila kukunja uso. Mchungaji alinitazama, nami nikamtazama. Tulitafuna mpaka mwisho, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha mbele ya yule mama. Taya zangu ziliuma mpaka kesho yake.

Watu walimbishia sana, na aliyembishia kuliko wote alikuwa jirani yetu mmoja, shoferi wa lori kubwa linaloleta bidhaa kutoka Uganda. Alikuwa mtu wa mzaha na sauti nene. Siku moja alimkuta bandani kwangu akinihoji, akasimama kumtania.

"Direktrisi, kule Ulaya mutu moja iko na gari mbili. Banapanda ndege sawa vile siye tunapanda piki. Weye na babula yako moja, unaogopa nini? Moshi yako haiwezi hata kufukuza imbu!"

Naye akamjibu, "Mwizi ya ngombe akikuwa mu kijiji, mwizi ya kuku hageuke padri."

Tulicheka mpaka shoferi mwenyewe akacheka. Lakini hakukubali kushindwa. "Basi baanze bale ba ngombe."

"Baanze, nani anabakataza? Siku nitabaona, nitabauliza nabo. Leo niko naona makala yangu."

Na msidhani aliwasamehe wale wa ng'ombe. Radio ikitaja mikutano yao mikubwa alikuwa akiizomea. Mvua zilipoharibika, mahindi ya Marabo yakapigwa na mvua ya mawe wakati ambao zamani ulikuwa wa jua, alisema wazi kwamba wenye viwanda wametufanyia ubaya na wanapaswa kuurekebisha. Ila hakukubali ubaya wao uwe mto wa yeye kulalia. Hilo ndilo lililotushinda wengi. Sisi tulitaka mwenye kosa awe mmoja, tena awe mbali.

Hakuwa malaika, na ningekuwa mwongo kumchora hivyo. Kila Jumamosi alijaza makala ndani ya pasi yake nzito ya chuma akanyoosha blauzi nyeupe yenye kola ngumu, ingawa mara nyingi hakuwa na pa kwenda. Nilimtega siku moja. "Mama, na hii moshi ya pasi?"

"Ile ni ya kiburi yangu," akasema, akiendelea kunyoosha mkono wa blauzi. "Nayo naijua."

Kuna jambo moja ambalo sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani. Mwanawe anaishi Kinshasa na watoto watatu. Kutoka hapa kwenda Kinshasa ni ndege, njia nyingine ni hadithi tu. Mwanawe alimtumia tiketi, akaenda, akakaa dirishani, na mwaka mzima alitusimulia mawingu yalivyo ukiyatazama kutoka juu. Aliifurahia ndege ile kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliporudi akaamua kwamba atapanda mara moja kila baada ya miaka mitatu, basi. Mjukuu wake mwingine akabatizwa katikati ya miaka hiyo. Nilikuwa nimempelekea gunia nikamkuta ameketi uani na simu mkononi, anatazama picha za ubatizo, machozi yanamtiririka bila sauti.

Nilisema naye kwa ukali, kwa sababu nilimwonea huruma. "Mama, ile ndege ilienda hata bila weye! Ulisaidia nini?"

Alijipangusa kwa ncha ya kitenge. "Najua ilienda. Lakini kiti moja haikukuwa yangu."

Nilitua gunia nikaondoka bila kuaga. Mtoto anahitaji bibi, na mpaka leo naona ule ulikuwa ugumu wa moyo uliovaa nguo za wema. Lakini nimewaona wengi wanaosema mambo makubwa bila kuyalipia chochote, na yeye hakuwa mmoja wao.

Mara moja nilimwona akikosea mbele ya watu wote. Kwetu panapotokea matanga, majirani huja na kuni. Gogo unalolibeba ndilo pole yako. Moto huwashwa uani kwa wafiwa, watu wakauzunguka mpaka siku ya mazishi. Direktrisi aliacha kupeleka gogo. Alikuja na sufuria ya chai na maharagwe, akavua viatu, akaosha vyombo vya wafiwa vyote. Hata hivyo, watu walimsema. Neno mchawi si neno dogo huku kwetu, nalo lilipita midomoni mwa watu. Alilisikia, akaendelea kuosha vyombo.

Kisha kukawa na matanga kwa familia iliyokimbia vita kijijini, iliyokuwa imejihifadhi chini ya shitingi, yale maturubai ya plastiki, katika kiwanja cha jirani. Ilikuwa asubuhi ya mvua na baridi. Direktrisi aliingia na sufuria yake, akauona ule moto mkubwa wa magogo, akaanza kuuliza kwa nini moto wote huo kwa watu kumi na wawili. Mama mmoja aliyebeba kitoto kilicholowa maji alijisogeza tu karibu zaidi na moto, akamgeuza mtoto ili mgongo wake nao ukauke.

Direktrisi aliweka sufuria chini, akatoka. Tukadhani amekasirika. Alirudi na gunia lake la makala kichwani, mwenyewe, na magoti yake mabovu, akalimimina kando ya moto.

Baadaye aliniambia, "Nilikosa, Papa Neema. Nilikuwa naangalia moto, sikuangalia batu. Moto ya kukausha mutoto haiombe ruusa." Na wiki iliyofuata alirudi pale kuomba msamaha, na chai.

Sasa nifike kwenye kosa langu mimi.

Bunduki zilifunga njia ya Marabo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na akiba. Mwezi wa pili akiba ikaisha, na mzee wangu wa mikaratusi hakuweza kupitisha hata gunia moja. Makala yaliyokuwa yakifika mjini yalitoka upande wa Kilo, kwenye mabonde ya machimbo ya dhahabu, na yale ni miti ya pori ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Nilijua, maana kwa miaka mingi yule mama alikuwa amenizoesha kuuliza. Nikayanunua. Nikayapanga upande wake uleule. Alipokuja na kuniuliza, "Ni ya Marabo?" nikamjibu, "Ndiyo, mama, ya Marabo. Banaipitisha njia ya nyuma." Niliogopa kwamba nikisema hapana ataondoka na ndoo yake tupu, na kanisa zima litaondoka nyuma yake, nami nina watoto wanne.

Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa pili haukunitoa kitu. Ikawa miezi kumi na mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyasifu. Mti wa pori ni mgumu, makala yake hukaa motoni kuliko ya mkaratusi. "Makala yako ya siku hizi inakaa muzuri," aliniambia. "Bale ba Marabo bamejifunza kuchoma. Niliambia bamama benzangu." Kisha Jumapili moja, katika mkutano wa akina mama, akasimama na kunitaja mimi kuwa mfano wa mfanyabiashara asiyedanganya. Mke wangu alirudi nyumbani amejaa furaha, akanisimulia neno kwa neno. Nilishindwa kumaliza chakula.

Jumatatu adhuhuri nilikwenda kwake. Alikuwa jikoni, sufuria iko juu ya babula, ameketi kwenye kigoda na kunyoosha miguu yake iliyovimba. Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: Kilo, miti ya pori, miezi kumi na mmoja.

Hakuwa amejua, wala hakuwa amehisi. Niliona uso wake ukibadilika na nikaelewa kwamba nilikuwa nimetumaini kinyume chake, nimetumaini ataniambia alijua siku nyingi na alikuwa akiningoja nikue.

"Na hii?" akauliza, akionyesha yaliyokuwa yakiwaka mbele yake.

"Hii ni ya Marabo, mama. Njia ilifunguka wiki mbili sasa. Kweli."

"Nitajua namna gani?"

Aliipua sufuria, maharagwe yakiwa bado mabichi, akaiweka chini. Kisha akachukua koleo akayatoa makala moja moja na kuyafunika kwa kifuniko cha chungu mpaka yote yakazimika. Alifanya hivyo taratibu, bila kunitazama, na mimi nilisimama pale nikitamani anitukane.

"Kesho utanipeleka Kilo," akasema hatimaye.

"Mama, na haya magoti? Na ni mafuta ya piki, kwenda na kurudia."

"Ile moshi nitaibeba. Weye beba uongo yako."

Tulikwenda watu watatu juu ya pikipiki moja, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke. Tulifika mchana, vumbi mpaka kwenye meno. Bonde lenyewe lilikuwa na kijito, mashimo ya wachimbaji pande zote mbili, na mtelemko uliojaa visiki. Alishuka, akasimama kitambo mkono wake ukiwa begani kwangu. Kisha akaanza kupita kutoka kisiki hadi kisiki, akikigusa kila kimoja kwa fimbo, akihesabu kwa Kifaransa kama darasani. Alifika themanini na tatu akaketi juu ya cha mwisho.

Mchimbaji mmoja, Mwislamu mwenye ndevu za mvi, aliacha karai lake kijitoni akaja kutusalimu. Nilimfahamu, ndiye aliyekuwa akinikusanyia magunia.

"Baba, ni nani alikata hii miti?" Direktrisi akamuuliza.

"Ni siye, mama. Zahabu ikipotea, tunachoma makala, batoto bakule. Lakini hatukatake juu ya kufurahi. Huyu papa njo alikuwa anatuma gari." Akanionyesha kwa kidevu.

"Miye nauzisha tu," nikasema haraka. "Ni bateja njo banatafuta."

Neno lilikuwa limeshatoka. Tulijikuta sote wawili tumemgeukia yeye, mteja, ameketi juu ya kisiki na blauzi yake iliyonyooshwa ikiwa nyekundu kwa vumbi. Naye akageuka nyuma kutazama, polepole. Nyuma yake kulikuwa na mtelemko tu.

"Nyuma yangu hakuna mutu," akasema. "Inafika kwangu, inasimama. Mi nilipika, mi nilikula. Hii yote ni yangu."

Yule mchimbaji aliinamisha macho. Mimi nilisikia aibu, aibu ya kweli, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsukumia tena.

Kisha akainuka na kufanya kazi. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamwomba mchimbaji kisu, akakichana vipande vyembamba. Visiki vingine vilikuwa vimeanza kuchipua, machipukizi ya urefu wa kiganja. Kila kilichochipua alikifunga kipande cha kitambaa. Kitambaa kilipoisha, alinyoosha mkono kwangu, nikavua shati, nalo likachanwa.

"Hii yenye kufungwa, musikate," akamwambia mchimbaji. "Mbuzi musiache ifike."

"Na mutu akiniuliza sababu ya nini?"

"Muambie iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Direktrisi wa Saio, Bunia. Nitarudia kuangalia."

Alisema hivyo kama mtu anayetangaza siku ya mtihani, na yule baba mwenye ndevu za mvi akaitika, "Ndiyo, Direktrisi."

Tuliporudi, langoni kwake alishuka, akaniambia, "Bateja bengine nabo ulibadanganya," akaingia ndani.

Nilikuwa nimebaki na magunia sita ya Kilo. Kesho yake asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mmoja wa wale mama wa kanisani. Kabla hajafungua mdomo nilimwambia makala haya yametoka wapi, nani aliyakata, na kwamba kwa miezi kumi na mmoja nilimdanganya. Alinitazama, akachukua ndoo yake tupu akaondoka. Wa pili naye akaondoka. Wa tatu alicheka, akanunua, akasema yeye anataka tu yawake. Wa nne alinitukana kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, na nikamwelewa vizuri. Mteja wa tano alipotua ndoo yake, nilisimama tena nikaanza tangu mwanzo.